Jumapili za Kudeklare Filamu

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya chombo cha umeme hunirudisha sebuleni kwetu Uvira kabla sijajua kwamba ninarudishwa. Juzi ilinipata Kavimvira, kwa fundi niliyempelekea pasi yangu. Alikuwa amewasha televisheni moja ya zamani, zile zenye mgongo mkubwa, na vumbi la ndani lilipopata moto, harufu ikatoka ikajaa kibanda. Nilisimama na pasi yangu mkononi, nikasikia sauti ya Papa, baba yangu, waziwazi: "Haya. Kila muntu adeklare." Fundi aliniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Nyinyi nitawaeleza, kwa kuwa hamnijui na hamtaenda kuwaambia shangazi zangu.

Papa alikuwa mtu wa mpakani. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia wafanyabiashara karatasi za forodha, na kutwa nzima aliwataka watangaze mzigo wao kwa swali lilelile: una nini cha kudeklare? Jumapili, akiwa hana mfanyabiashara wa kumuuliza, alituuliza sisi. Baada ya misa, baada ya bugali na ndagala za kukaanga, umeme ukiwapo, aliondoa kitambaa ambacho Mama alikifuma kwa mkono kufunika televisheni. Kitambaa hicho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Tuliketi kwenye mkeka, kaka yangu Byamungu akaingiza kisahani cha filamu, na ile harufu ikaanza.

Filamu tulizikodisha karibu na soko. Nyingi zilikuwa za Kinigeria, na juu yake mtu fulani ambaye hatukuwahi kumwona uso alikuwa ametia sauti yake ya Kiswahili. Tulimwita mutafsiri. Aliishusha sauti ya waigizaji hadi ikawa mnong'ono, kisha akazungumza yeye kwa niaba ya wote: wanaume kwa sauti nzito, wanawake wote kwa sauti moja nyembamba ya kuudhi. Katikati ya mazishi aliweza kumsalimia rafiki yake wa Bujumbura. Mara moja tulimsikia akitafuna, na mara nyingine akimfukuza mtoto aliyeacha mlango wazi. Tulimpenda sana. Nilidhani filamu zote duniani zina mtu wa namna hiyo ndani yake, na kwamba yeye ndiye anayejua mambo yatakavyokwisha.

Filamu ikiisha, Papa alizima televisheni na hakuna aliyeinuka, hata aliyebanwa na mkojo. Kila mmoja alitakiwa aseme alichokiona, kuanzia mdogo, ambaye ni mimi, kwenda kwa Byamungu, kisha kwa yaya Mapendo, dada yetu mkubwa, na mwisho Mama. Papa ndiye aliyefunga mazungumzo. Sheria yake ilikuwa kwamba hakuna wa kuchekwa wala kuchapwa kwa alichosema. Alijisifia jambo hilo kwa majirani: "Kwangu, hata mutoto iko na sauti." Na mimi nilijisifia shuleni, mbele ya wenzangu ambao baba zao waliwafukuza sebuleni wageni wakiingia. Nilikuwa na baba anayeuliza. Mniruhusu niseme kwamba nilikuwa mtoto mwenye furaha, maana baada ya hapa sitalisema tena.

Mimi nilideklare wanyama: mbwa yule alikuwa mwembamba, yule mbuzi walimla kweli? Byamungu alideklare magari. Yaya Mapendo ndiye aliyesema jambo. Alikuwa amemaliza mwaka wa tano wa sekondari, amebakiza mmoja tu apate diplome, na alitaka kuwa mwalimu. Alichambua filamu namna mtu anavyochambua mchele kabla ya kuupika, bila haraka, akitoa jiwe baada ya jiwe: huyu alimpiga mwenzake kwa sababu alikuwa na aibu, yule alicheka lakini alikuwa anaogopa. Papa alimsikiliza akiwa amefumba macho. Niliamini anafurahia.

Mama, zamu yake ilipofika, alisema neno moja kila Jumapili: "Minye nimependa manguo yao." Hata ile filamu ya vita ambamo wote walivaa shati moja chafu tangu mwanzo hadi mwisho, Mama alipenda manguo yao. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, sheria au si sheria, na Papa naye alicheka. "Mama yenu iko anaangalia filme kama iko kwenye soko," alisema. Tulidhani Mama analala macho wazi.

Lakini Mama hakuwa mjinga wa kitu. Aliuza vitenge alivyovitoa ng'ambo, Burundi, na siku za kurudi alivivaa kimoja juu ya kingine, akapita forodhani akiwa mwanamke mnene anayepumua kwa shida, akatufikia nyumbani na kuwa mwembamba tena mbele ya macho yetu. Sisi watoto tulimzunguka tukimfungua. Wanawake wa mpakani wote wanafanya hivyo hadi leo. Mkobani mwake alibakiza sabuni na biskuti, na hizo ndizo alizozideklare kwa heshima zote. Kama Papa alijua, au alijifanya hajui, sijawahi kupata uhakika.

Sasa niwaambie Jumapili yenyewe. Ilikuwa likizo kubwa, wakati wa vumbi, milima juu yetu imekauka. Kwa majuma kadhaa mwanaume mmoja wa Kiringye alikuwa akija kumsalimia Papa. Alikuwa amefiwa na mke, ana mashamba ya mpunga na mashine ya kusaga unga, na kila alipokuja alileta mfuko wa mchele, nasi tulimshangilia kwa ajili ya mchele. Mimi sikujua anatafuta nini. Yaya alijua. Mama alijua. Shule ya yaya ilikuwa inaning'inia juu ya mifuko ile ya mchele, na ni sisi wadogo tu tuliokuwa tunakula kwa amani.

Jumapili ile Papa hakumtuma Byamungu kukodisha filamu. Alikwenda mwenyewe. Hilo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili.

Ilikuwa habari ya mzee mmoja mwenye cheo kijijini kwake, aliyetaka kumwoza binti yake kwa rafiki yake tajiri. Binti alikataa, akaondoka mvua ikinyesha, bila viatu. Miaka ikapita. Mzee akaugua, binti akarudi, akapiga magoti kando ya kitanda. Mutafsiri alipandisha sauti yake nzito, akasema kwa niaba ya mzee: Umekuja kuona ulichokifanya? Mutoto asiyetii, ninakulaani, utazunguka dunia yote bila kupata pa kulala. Binti alilia, mzee akakata roho, na mutafsiri akatuongezea mafundisho yake mwenyewe, kwamba nyinyi wasichana munaoangalia hapo nyumbani, mufungue masikio. Papa alizima televisheni. Alionekana mtu aliyeshiba.

"Kila muntu adeklare."

Nilisema kwamba yule mzee alikuwa amemshika mkono binti yake muda wote, na mimi sijui kwa nini mtu anayelaani anashika mkono. Papa aliniambia mimi ni mdogo, ningali sielewi. Byamungu alisema binti alikosa, na kwamba gari la yule tajiri lilikuwa zuri.

Ikawa zamu ya yaya Mapendo. Akasema kwa upole, akimtazama Papa: "Papa, huyu mutafsiri iko anadanganya."

"Namna gani?"

"Ule muzee hakumulaani. Alimuomba musamaha. Alisema, mutoto wangu, minye njo nilikukosea."

"Weye ulisikia wapi?"

"Chini ya sauti yake. Kingereza kiko kinasikika."

Kiingereza alikipata shuleni, na kingine kwa jirani yetu mmoja aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambaye alipenda kuonyesha anachokijua. Papa alimwambia Byamungu aiwashe tena na kurudisha pale mwishoni. Alitaka, nadhani, yaya aaibike. Tukasikiliza. Mimi nilimsikia mutafsiri tu, lakini yaya alijisogeza karibu na kioo, akainamisha kichwa, akaanza kutafsiri juu ya mutafsiri, polepole, neno kwa neno: nilikuuza, ulikuwa na haki ya kukataa, sikupata usingizi tangu siku ile, unisamehe. Sauti yake ilikuwa ya darasani. Alikuwa mwalimu tayari, na nadhani kwa muda ule alisahau kabisa ni kesi ya nani inayosikilizwa. Aliamini sheria ya nyumba. Alikuwa binti wa mtu wa forodha, na alifungua mzigo wake wote juu ya meza.

Mama alidakia kabla hajaulizwa: "Minye nimependa manguo yao. Lile la kijani, lile la mwisho. Muliliona?" Hakuna aliyecheka. Mama akarudia, "Lile la kijani," na sauti yake ikafifia.

Papa alichukua kitambaa, akaifunika televisheni kwa uangalifu, akazinyoosha pembe zake. "Shule imemufundisha kusikia baba yake akiomba musamaha," alisema, bila kumtazama yeyote. "Basi, imetosha."

Hakumchapa. Alishika sheria yake. Mwaka wa shule ulipoanza, alitulipia mimi na Byamungu, na jina la yaya halikutajwa. Asubuhi ya kwanza Mama aliniita chumbani. Alikuwa ameipunguza sketi ya bluu ya yaya, ile ya shule, ameishona upya kiunoni na kukunja upindo wake mara kadhaa ndani, ili inifae ninavyokua. Yaya mwenyewe ndiye aliyenifungia kifungo. Alinigeuza, akanitazama, akasema, "Iko sawa." Kabla ya mvua kubwa alikuwa ameshapelekwa Kiringye. Papa alicheza harusini, nami nilikula nyama.

Jumapili ziliendelea. Papa aliwasha, Papa alizima, Papa aliuliza. Byamungu alisema kila filamu ni nzuri. Mimi nilirudi kwa mbuzi na mbwa, hata nilipokuwa na umri wa kuona mambo mengine. Papa hakuridhika, akalalamika kwamba watoto wake wamekuwa wavivu wa kufikiri. Alikufa akilalamika hivyo. Wananiambia nisimseme vibaya marehemu, na kanisani naomba apumzike, lakini sijamsamehe, na sioni dalili.

Sketi ile nilimaliza nayo shule. Ilikunjuliwa upindo hadi ukaisha, na ndani yake ndimo nilimosomea Kiingereza. Mwaka jana kijana mmoja ninayefanya kazi naye alikuwa anaangalia filamu kwenye simu, nikaona nguo ya kijani, nikamshika bega. Hii haikuwa na mutafsiri. Nilimsikia yule mzee kwa masikio yangu mwenyewe, na maneno yalikuwa yaleyale, karibu yote, kama yaya alivyoyasema akiwa ameinama mbele ya kioo. Nililia kazini. Nikamwomba kijana aiweke kwenye simu yangu.

Niliipeleka Kiringye kama mtu anayepeleka zawadi. Nilijiambia kwamba yaya lazima ajue kwamba alisikia sawa. Nilimkuta anageuza mpunga juani, unga wa mashine umemkaa kwenye nyusi. Baada ya kula tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari, tukakaa: yeye, binti zake, na mimi. Mume wake alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Si mtu mbaya, na ninasema hivyo kwa shida. Yaya aliangalia yote. Mzee alipoanza kuongea kitandani, niliona midomo ya yaya ikitembea pamoja naye, bila sauti.

Ikaisha. Mume wake akajinyoosha. "Haya," alisema, kwa wema tu, mtu anayependa kuzungumza. "Muliona namna gani?"

Binti mkubwa wa yaya, aliye mwaka wa tano wa sekondari, alifungua mdomo. Yaya alimwekea mkono juu ya goti, akaukandamiza, na mtoto akanyamaza. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama, ambaye tulimcheka kila Jumapili: vitenge vyote vilikuwa mwilini mwake, kimoja juu ya kingine, na sisi alituonyesha sabuni tu. Yeye alikuwa amejaribu kumvusha yaya pia, siku ile, kwa nguo ya kijani, na akachelewa.

Yaya alimtazama mume wake. Alitabasamu vizuri kabisa.

"Minye," alisema, "nimependa manguo yao."