Mkalimani wa Posa ya Dada

Dada yangu alipochumbiwa na kijana wa Kikongo anayefanya kazi Kigoma, nyumba nzima ilinigeukia mimi. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, nasoma Kifaransa, na nilikuwa nimerudi Tabora likizo. Kijana mwenyewe Kiswahili anakijua, lakini mtu haji kujiposea. Wangekuja shangazi yake na baba yake mdogo. Ukoo wao ni Waislamu wa Kasongo, ila hao wawili walikulia Kinshasa, na Kiswahili walikuwa nacho cha kuokoteza.

"Sasa ndiyo utatuonyesha hicho Kifaransa chako," baba alisema.

Nikacheka tu. Kifaransa chenyewe kilikuwa bado kinanichanganya. Nilipomweleza mama kwamba kwa Wafaransa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, aliuliza, "Na kiti je?"

"Kiti ni cha kike. Lakini kikiwa kile kikubwa cha sebuleni, chenye mikono, ni cha kiume."

"Nani kawaambia?"

Hilo halikuwamo kitabuni. Na utamaduni nao tulifundishwa: Mfaransa anakaaje mezani, jibini inaliwa lini, watu wanabusiana mashavu mara ngapi. Mitihani hiyo niliifaulu bila kuwahi kuionja hiyo jibini.

Wageni walishuka kwenye treni ya Kigoma, wakafikia nyumba ya wageni karibu na kwetu, Gongoni. Jioni shangazi akapiga simu, mama akanikabidhi kama anayetupa kaa la moto. Yule mama alizungumza haraka mno, lakini neno moja nililishika vizuri, maana lilikuwa kwenye somo la mwanzo kabisa: wangekuja kesho kwa *déjeuner*.

"Wanakuja chakula cha mchana," nikatangaza.

Asubuhi yake mama alikuwa uani, kanga kifuani, anamenya vitunguu saumu vya pilau. Baba alikuwa ameshatoka kufuata nyama. Tukasikia hodi, na salamu ya "Asalaam aleikum." Mlangoni alisimama shangazi mtu, kitenge cha kijani kimemkaa sawasawa, na nyuma yake baba mdogo katika suti. Dada akakimbilia chumbani.

"Si ulisema mchana?" mama alininong'oneza.

"Walisema mchana."

"Sasa huu ni mchana?"

Nikamwuliza shangazi, kwa Kifaransa changu cha darasani, kama walibadilisha saa. Akanitazama kwa huruma. "*Mais non, ma fille. Le déjeuner!*" Eti hapana, binti yangu, ni *déjeuner* hiyo hiyo. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye jua lililokuwa ndiyo kwanza linapanda juu ya mabati ya jirani. Na mimi nikalitazama. Sikuelewa lilikuwa linathibitisha nini.

Mama akaweka alichokuwa nacho: chai, karanga, asali, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Shangazi alikula kwa furaha. Kisha akamwinamia mama, akajaribu Kiswahili chake: "Mama, naomba mayi."

"Mayai! Kumbe Kiswahili anajua!" Mama akaenda jikoni mbio, akarudi na mayai mawili ya kukaanga. Shangazi akayatazama, akanitazama mimi, akasema *merci*, akala. Baada ya muda akaomba tena, safari hii taratibu zaidi: "Mayi." Mama akaongeza mengine. Mimi nilikuwa nahangaika kichwani nalitafuta hilo "mayi" kwenye Kifaransa changu, na silipati.

Baba mdogo alikunja kiganja kama kikombe, akakipeleka mdomoni na kuinua kidevu.

"Maji!" dada alipiga kelele kutoka nyuma ya pazia, ambako hakutakiwa kuwepo.

Tulicheka wote, shangazi mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Baba akaingia na mfuko wa nyama, akakuta kicheko asichokijua, akacheka pia.

Wageni walibaki mpaka pilau ikaiva. Shangazi akaiita *dîner*, neno ambalo mimi nilifundishwa kuwa ni la jioni. Nikampakulia. Maneno ya posa nilitafsiri nusu kwa mdomo, nusu kwa mikono. Baba alipokubali sikuwahi hata kufungua mdomo. Shangazi alishaliona jibu usoni mwake, akapiga vigelegele.

Niliporudi chuoni nilimwuliza mwalimu. Akasema Wabelgiji na Wakongo wanalitumia *déjeuner* kwa chakula cha asubuhi, na *dîner* kwa cha mchana.

"Kwa hiyo nani kakosea?"

"Hakuna aliyekosea."

"Na kwenye mtihani?"

"Andika ya kwenye kitabu."

Nikatoka ofisini kwake nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Dada ameolewa, yuko Kigoma na mumewe. Shangazi hunipigia simu mara kwa mara, ananisimulia habari za Kinshasa bila kupumua. Likizo iliyopita alisimulia jambo refu, akaangua kicheko, na mimi nikaangua changu.

"Kasema nini?" mama akauliza.

"Sijui."

"Sasa ulikuwa unacheka nini?"

"Na hilo pia sijui, mama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele wake.