Mikono ya Magazia Fuseina

Fuseina alikuwa magazia wetu, kiongozi wa wanawake tunaokamua mafuta ya shea hapa kijijini, karibu na Tamale, kaskazini mwa Ghana. Mikono yake haikuwahi kushindwa.

Asubuhi moja rojo la mjane Wumpini liligoma kutoa mafuta.

"Kashamla mume, sasa kahamia kwenye mafuta," akasema Sanatu.

Kwetu, mwanamke akishaambiwa hivyo, yaani kwamba ni mchawi, hufukuzwa kijijini.

Magazia akatumbukiza mikono kwenye beseni lile lile, akakoroga muda mrefu. Mafuta hayakuja.

"Basi tufukuzeni sote wawili," akasema. "Atawaongoza nani? Wewe, Sanatu?"

Sanatu akainamia beseni lake.

Jana tulimzika Magazia, na Wumpini ndiye aliyemwosha. Siku ile ya rojo nilikuwa nimechuchumaa kando ya Magazia. Vidole vile alivilegeza makusudi.