Siku Niliyougua kwa Niaba ya Somoe

Hapa Nachingwea niliambiwa, nami nikaamini kuliko nilivyoamini vitabu vyote vya shule ya usiku iliyonipa cheti, kwamba ukiingia kwa daktari wa akili unachomwa sindano moja inayofuta kichwa, ukitoka hujui jina la mama yako wala tofauti ya korosho na kokoto. Chekeni tu, aibu yenyewe bado.

Mdogo wangu Somoe alifiwa na mtoto wake wa kwanza. Tangu msiba haongei, chakula hagusi, ufuta unapukutika shambani yeye anatazama ukuta. Nesi wa zahanati akakaa naye pembeni, akamweleza, akatuelekeza Ruangwa kwa mwanasaikolojia. Njia nzima namwangalia nawaza: huyu akifutwa, mama nitampelekea nini? Basi mlangoni walipouliza mgonjwa ni nani, nikaruka, "Mimi!" Somoe akanishika shati. "Tulia hapo kwenye benchi," nikamwambia, "kaka yako yupo."

Ndani nikamkuta mwanasaikolojia mwenyewe, mama mpole, ana viti viwili na maji ya kunywa, basi. (Mwenye akili angejiuliza sindano iko wapi. Mimi sikujiuliza.) Ili aniamini nikatia chumvi: usiku kuku wananiamkia kwa Kimwera, tena kwa adabu. Mama akaweka kalamu chini. Akamwita daktari wa magonjwa ya akili, akaja na afisa ustawi wa jamii wa kuuliza nyumbani naishi na nani, na daktari aliposema tu neno "dawa" nikatoka dirishani, shati likanasa likabaki, nikapita kifua wazi katikati ya akina mama wa kliniki, mlinzi nyuma yangu, watu wanapiga kelele, "Mshikeni kichaa huyo!" nami najibu, "Sina wazimu, nilikuwa nadanganya!" (ndivyo wanavyosema wote).

Mpaka nimewaeleza hofu yangu ya sindano, Somoe akisikia, nikaaminika, yule mama mpole ameshaondoka, na harudi hadi mwezi ujao.

Tukaanza safari ya kurudi. Nikajaribu mzaha wa kuku, hakucheka. Tunakaribia Nachingwea ndipo Somoe akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu tuzike.

"Kaka, yule mama hachomi mtu sindano. Dawa ni za daktari, naye anampa anayezihitaji. Yule mama kazi yake ni kukusikiliza. Nesi alinieleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia."