Mlango Niliouwekea Kufuli

Zizi la marehemu baba lilikuwa na mlango wa mabanzi ambao haukufungwa mchana. Jirani aliyeishiwa na maziwa aliingia tu. Mpaka leo, mtu mchoyo mama humwita yule wa zizi la kufungwa.

Mimi nililifunga. Nilipokuwa mgonjwa, kaka yangu, ambaye shamba lake la chai limepakana na langu, aliuza ng'ombe wangu mtamba, ambaye hajazaa bado, bila kuniuliza. Nikamwambia asikanyage zizini kwangu tena. Nikatengenezesha mlango mpya wa mbao za mkaratusi, bawaba za bolti nene, na kufuli kubwa kutoka sokoni Kapkatet. Ufunguo niliufunga kwenye pindo la leso. Fundi alitaka kunishauri, nikamwambia apige kazi. Ninachokijenga mimi hakianguki.

Mwaka wa tatu ng'ombe wangu alikuwa na mimba. Kwa hesabu yangu bado wiki moja, na hesabu hizo sizikosei mara nyingi. Basi nikafunga zizi, nikaenda kuchuma chai. Alasiri nilikuwa kwenye kituo cha kupimia majani, lori la kiwanda limechelewa kama kawaida yake, mama akapiga simu. Ng'ombe ameanguka. Miguu ya ndama imetokeza na haisogei, na yeye mama anachungulia tu kati ya mbao.

Niliacha majani yangu kwenye foleni, nikakimbia na ufunguo mkononi. Nyumbani ni mwendo wa nusu saa, mlima mtupu. Niliogopa sana, na nilijichukia.

Nilipofika, mlango ulikuwa umelazwa kwenye nyasi, mzima, kufuli bado imefungwa. Kaka, aliyeitwa na mama, alikuwa amepiga magoti ndani, damu mpaka kwenye viwiko, akimsugua ndama kwa gunia. Ndama alikuwa anapumua. Badala ya kushukuru nikauliza ni nani amevunja mlango wangu.

"Sijavunja," akasema, akanionyesha spana kwa kidevu. "Bolti za bawaba ziko upande wa nje. Niliziona ile siku uliweka huu mlango."

Miaka mitatu nililala usingizi mzuri kwa sababu ya kufuli ile. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, mbona basi hakuwahi kufungua.

"Si ulisema nisikanyage," akasema, akaendelea kumsugua ndama.