Mtoto Asiyeziweza Njugu za Kukhu

Shaa, shaa, shaa. Hiyo ndiyo sauti ya mama mkwe wangu akikaanga njugu. Anazichanganya na majivu kidogo ndani ya sufuria kuukuu iliyopoteza mikono yote miwili, anazigeuza kwa gunzi la mahindi, polepole, kama mtu anayebembeleza. Nikifumba macho naisikia hata sasa.

Mimi nimezaliwa Saboti, karibu na Kitale, kwa wazazi waliohamia huko kutoka upande wa Kati, na kwetu mgeni anapewa chai. Kwa mume wangu, huko Bungoma, mgeni anapewa njugu kwanza, chai inakuja baadaye. Nilipoolewa nilizipenda siku hiyo hiyo. Mama mkwe aliniangalia nikimaliza bakuli akamwambia mwanawe, "Huyu wa Kitale ameshafika nyumbani."

Binti yetu alipofikisha mwaka mmoja tulimpeleka kwa nyanya yake, ambaye huko watoto wanamwita kukhu. Mtoto amepewa jina la mama mzazi wa kukhu, kwa hivyo kukhu naye anamwita "mama", na ukiwasikia wakiongea hujui nani amemzaa nani. Kukhu alimpakata karibu na jiko, akatia njugu mdomoni, akazitafuna mpaka zikawa laini kama uji, kisha akamlisha kwa ncha ya kidole. Ndivyo alivyolea watoto wake saba. Niliwaangalia nikaona picha ya kuweka ukutani.

Chai haikuwa imepoa tulipoona madoa shingoni mwa mtoto, mekundu, yamevimba, yanamwasha. Mdomo wa chini ulifura kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Ni viwavi," kukhu akasema. "Hiyo shuka aliyofunikwa ilianikwa kwenye ua wa miti."

"Ama ni meno," mimi nikasema.

Tukamwogesha, tukampa maziwa, na kufikia jioni yalikuwa yameisha. Tuliikung'uta ile shuka vizuri sana. Hakuna aliyezikung'uta njugu.

Tulirudi Kitale na mkebe mzima wa njugu, zawadi. Tunakaa chumba kimoja kwenye ploti yenye mfereji wa pamoja nyuma. Mume wangu ni fundi wa pikipiki, mimi nachoma chapati za kuuza na kuota ndoto. Kwa sababu masomo yangu yaliishia darasa la nane, ndoto zangu si za ofisi. Ni za hoteli yangu mwenyewe, ndogo, yenye pazia la maua na ubao mlangoni wa kuandika chakula cha leo. Asubuhi moja nilikuwa ndani ya hoteli hiyo, nawaza rangi ya viti, huku mikono yangu ikitwanga njugu na kuzikoroga kwenye uji wa mtoto. Si kila mtu anasema njugu zinajenga mwili?

Alimeza vijiko vitatu. Akatapika. Yale madoa yakarudi, safari hii tumboni na usoni, na macho yakaanza kufumbika kwa uvimbe. Kisha akakohoa, na nyuma ya kikohozi nikasikia kama filimbi ndogo, akivuta hewa. Sauti hiyo pia siisahau, ila sipendi kuifuata sana.

Sikuosha mtu. Sikutafuta maziwa. Nilimpigia mume wangu, akaja na pikipiki ya mteja, haijafungwa hata taa, na tukafika hospitali nikiwa na kandambili mguu mmoja.

Walimdunga sindano pajani hata kabla ya kuniuliza jina. Baada ya muda mfupi ile filimbi ikanyamaza, akaanza kulia kilio kizuri, cha hasira. Walikaa naye hapo kwa saa kadhaa, kwa sababu hali hiyo inaweza kurudi. Daktari, kijana wa rika langu, akavuta kiti.

"Amekula nini?"

"Uji wa njugu."

"Amewahi kula njugu kabla ya leo?"

Ndipo nikaiona ile picha ya ukutani upya, kidole cha kukhu na mdomo wa mtoto. Nilimweleza yote, hata viwavi. Hakunicheka.

"Hiyo inaitwa mzio," akasema. "Watu wanasema aleji. Mwili wake unaona njugu kama adui. Usimpe tena, hata punje, hata ya kujaribu, mpaka apimwe na mtaalamu. Wengine huacha wakikua, wengine hawaachi. Madoa peke yake, piga simu uje tumuone. Lakini akikohoa hivyo, ulimi ukivimba, akitapika bila kuacha ama akilegea, usingoje hii dawa ya maji nitakayokupa ifanye kazi. Mlete mbio."

"Na watoto wengine wa ploti?"

"Hao wale njugu zao laini, zilizosagwa. Usiende kutangaza njugu ni sumu."

Nilijifunza kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti za biskuti, yale madogo kama sisimizi, kidole chini ya kila neno. Hiyo haikuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni Bungoma. Mtoto bila kukhu yake ni mtoto aliyekatwa upande mmoja, na kukhu bila njugu sijamwona. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Ati njugu zangu?" akasema. "Nimelea saba na hizo njugu."

"Najua, mama. Na mmoja wao nikamchukua."

Hakucheka. Alisema kuna ng'ombe kwenye mahindi, akakata.

Nililia kidogo siku hiyo juu ya unga wa chapati. Nilimwona mawazoni akiwaambia majirani kwamba yule wa Kitale anamringia.

Likizo ilipofika tulienda hivyo hivyo, dawa ya mtoto mkobani na namba ya simu ya mwenye pikipiki wa karibu imeandikwa kwenye karatasi. Kwenye mlango wa boma nikakuta stuli, juu yake beseni, maji na sabuni. Kukhu amesimama hapo kama askari wa mpakani Suam.

"Mikono," akasema.

"Mama, sisi tena?"

"Hata chifu akija ataosha. Njugu nimezipeleka stoo, sufuria nayo imekwenda. Shemeji yako jana amekuja kutafuna hapa, nimemfukuza. Amesema ati nimeokoka upya." Kisha akampokea mtoto, akamnusa shingo. "Mama, umenitisha, bana."

Moyo wangu ulikaa chini. Ulikaa vizuri sana, nafikiri, kwa sababu niliingia kuvua viatu, na nilipotoka mtoto alikuwa amepakatwa, mdomo wazi kama kifaranga, na kukhu anatafuna mahindi ya kuchemsha. Kidole kilikuwa njiani.

Kumwambia mkwe wako asimlishe mjukuu mbele ya watu wake si jambo dogo. Lakini ile filimbi ya hospitali nilikuwa bado naikumbuka.

"Mama," nikasema, "leo umekula njugu?"

Kidole kikasimama hewani. Kisha akatema yale mahindi kiganjani.

"Nimekula," akasema taratibu. "Asubuhi. Huko huko stoo, nimesimama, kama mwizi."

Akawarushia kuku mahindi. Akanawa mikono, akasukutua mdomo, bado akatikisa kichwa. "Hapana. Huu mdomo umestaafu." Akafungua mdomo wa mtoto kwa kidole gumba, akahesabu. "Meno manane. Si mtu huyu anaweza kujitafunia? Leteni viazi vitamu na kijiko." Akaviponda viazi kwa bidii, huku akimnung'unikia kwamba wa siku hizi wanataka kula na vyombo kama wazungu. Mtoto alikula mpaka viazi vikafika kwenye nyusi.

Tulipokuwa tunaondoka alinisukumia mkebe wenye kifuniko cha kukaza, umefungwa kwa kitambaa.

"Hizi ni zako peke yako. Wewe pia ni mtoto wa mtu. Ila ukila, ujue pa kula."

Jumamosi iliyofuata mume wangu alimpeleka mtoto Saboti kwa mama yangu, kulala. Nilikaa nyuma ya ploti, karibu na mfereji, nikala njugu moja moja, nikiwaza ule ubao wa hoteli yangu na mahali nitakapoandika ni chakula gani kina njugu. Kisha nikafagia maganda yote, nikayafukia. Nikaosha mikono hadi viwikoni, nikapiga mswaki mara mbili, nikaloweka leso niliyovaa. Mkebe nikaukaza, nikapanda juu ya kitanda, nikausukuma juu ya kabati mpaka ukagonga ukuta.