Kaburi Tupu Inaita Mutu

Wiki iliyopita msichana mmoja aliniletea joho la mahafali nimfupishie. Mimi nashona hapa Koboko, sokoni, chini ya bati, na majoho hayanifikii sana. Kazi yangu ni sare za shule na magauni ya harusi. Nikamuuliza chuo gani, akakitaja. Nikamuuliza analala upande gani, akasema bweni jipya, lile la karibu na jiwe kubwa la kuanikia nguo.

La kuanikia nguo! Rafiki yangu, lile jiwe lilikuwa la kuanikia muhogo. Nilikuwa na pini tatu mdomoni, nikashukuru, maana mtu mwenye pini mdomoni haulizwi kwa nini amenyamaza.

Sisi tulikaa chini ya jiwe hilo, nje kidogo ya Arua, ukifuata barabara inayokuja huku Koboko. Tulirudi pale kutoka ukimbizini Zaire mimi nikiwa mdogo, na Nyanya akafyeka msitu uliokuwa umemeza nyumba yetu. Ukija asubuhi, kabla hujaona paa hata moja, pua yako ilikwisha kukuambia umefika: muhogo uliolowekwa siku nne una harufu yake, wageni wanaziba pua, sisi tunasikia njaa. Wanawake waliutandaza juu ya jiwe, na sisi watoto tulikaa kando na vijiti kufukuza mbuzi. Nikiwa pale juu niliona chuo chote: madarasa marefu, mpishi akimwaga maji ya maharagwe, wanafunzi wakitembea na vitabu kifuani. Nilikuwa nafunga kanga ya Nyanya mabegani, nawafundisha mbuzi hesabu. Niliapa kwamba siku moja nitaingia kwa lango kubwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kuota hakuhitaji karo.

Chuo kilikuwa jirani mwema siku zile. Tulichota maji kwenye bomba lao, wao walikula mboga zetu na kupanga vyumba vyetu. Halafu ikaja habari kwamba chuo kinakua, kinataka kuwa chuo kikuu, na chuo kikuu hakitoshi mahali pale. Kinataka ardhi mpaka kijitoni. Kati ya chuo na kijito kulikuwa na nini? Sisi.

Vigingi vikaja, vyeupe, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Kimoja kilisimama katikati ya karanga za Nyanya. Usiku vijana waliving'oa, asubuhi vilirudi, na pamoja navyo askari wawili. Watu wa mtaa wetu walikuwa wamekimbia bunduki miaka mingi. Askari wawili tu walitosha kuwafanya akina mama wafunge mizigo na kuiweka karibu na mlango. Bomba la chuo likafungwa kwa kufuli. Mwalimu aliyepanga chumba kwa jirani yetu akahama bila kuaga. Tukawa tunapishana njiani na watu tuliowajua kwa sauti, kila mmoja akitazama miguu yake.

Mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano, mkubwa wa chuo akaja. Alisema wataacha kila boma lenye kaburi. Boma lisilo na kaburi litachukuliwa, wenyewe watapewa ardhi kwingine. Nafikiri alitaka kutuonyesha heshima. Hakujua ametupa nini mikononi.

Kwetu, kaburi ndiyo hati ya shamba. Lakini sisi tulikuwa tumetoka ukimbizini, na wafu wetu wengi tuliwaacha Zaire. Kwa hiyo mtaa uliokuwa na makaburi mawili ya kweli, ulipofika mwisho wa wiki ulikuwa na makaburi kumi na moja. Watu walirundika udongo, wakapanga mawe, wakapanda maua. Mzee mmoja alijitengenezea la kaka yake, na huyo kaka alikuwa hai kule Aroi, anauza tumbaku. Watu walicheka, lakini kwa sauti ya chini.

Makaburi mawili ya kweli yalikuwa ya nani? Moja lilikuwa la babu yangu. Alikufa ule mwaka wa kukimbia, Nyanya akamzika nyuma ya nyumba haraka haraka, risasi zikisikika mjini. La pili lilikuwa dogo, la mtoto wa jirani yetu. Jirani huyo ni Mwislamu, mtu wa Koboko, mjane wa askari. Sote tulimwita Mama Koboko. Mtoto wake aliishi siku arobaini tu. Kaburi lenyewe lilikuwa dogo hivi kwamba aliogopa watu wa chuo hawataliona, akatengeneza mengine mawili makubwa pembeni yake. Mawe yake nilibeba mimi. Alinipa chapati yenye sukari.

Nyanya hakufurahi. Alisimama kwenye uzio, akamwambia, "Dada yangu, kaburi tupu inaita mutu."

Mama Koboko akajibu, "Na boma tupu inaita chuo."

Basi akaja mpima ardhi. Kijana, ana meno mazuri, ana kamba ndefu ya kupimia inayojikunja yenyewe ndani ya boksi lake. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, na sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Aliniruhusu nishike ncha ya kamba. Akaniuliza nataka kuwa nani nikikua, nikasema nataka kuwa kama yeye, nipime dunia yote. Akacheka. Tulipofika kwa Mama Koboko akasimama, akasema mawe haya yamepangwa vizuri sana. Na mimi, kwa kutaka tu anisifu, nikasema, "Hii mawe ni mimi nabeba. Juzi."

Aliendelea kutabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. Akafungua daftari, akaandika. Nilifikiri anaandika jina langu.

Siku ya pili walikuja mkubwa wa chuo, mwenyekiti, askari, na vibarua wawili wenye majembe. Walisema boma lenye kaburi jipya, makaburi yake yote yatafunguliwa. Walianza na yale makubwa mawili ya Mama Koboko. Udongo ulikuwa laini, jembe liliingia kama kwenye unga, na chini palikuwa na mizizi ya nyasi tu. Wakaenda kwa yule mzee, wakamkuta kaka yake wa Aroi hayumo. Mtaa mzima ulikuwa umesimama pale. Nilijificha nyuma ya Nyanya, nimeshika nguo yake.

Wakarudi kwenye lile dogo. Mama Koboko alisimama mbele yake, mikono ameifunika ndani ya mtandio.

"Hii iko mutoto yangu," alisema.

Mpima ardhi hakuwa mkali. Hilo ndilo lililokuwa baya. Alimuuliza kwa upole, "Mama, na zile mbili zilikuwa za nani?"

Kwa dini ya Mama Koboko kufukua maiti ni jambo lisilosemeka, na sasa hakuwa na neno hata moja la kuaminika. Kibarua akanyanyua jembe, akamtazama mkubwa wa chuo.

Nyanya akanitoa vidole vyangu kwenye nguo yake, kimoja kimoja, akaenda mbele.

"Acha hiyo ndogo," akasema. "Chimba yangu. Kama mutu hayuko, beba shamba yangu na yake. Kama mutu iko, hii ya mutoto hakuna jembe inagusa, leo na siku zote. Mwenyekiti, wewe iko unasikia."

Mwenyekiti akasema anasikia. Mkubwa wa chuo akakubali. Nyanya akataka jambo moja tu: wasichimbe vibarua, wachimbe watoto wa dada za babu, kwa sababu kwetu ndio wanaozika. Wakasubiri mpaka kesho yake, ili vijana hao waitwe kutoka Ajia, kijijini kwao.

Jioni ile alipika ugali wa muhogo na kumbikumbi, kama siku yoyote. Nilisukuma sahani kando, nikamwambia ni mimi niliyesema habari ya mawe. Alikatakata ugali kwa vidole.

"Ulisema uongo?"

"Hapana, Nyanya. Nalisema kweli."

"Basi kula."

Nikala, nikilia. Nikamfariji kwamba babu tutamrudisha tu, tutamfunika vizuri, na boma letu litabaki. Nyanya akanitazama kama mtu anayetazama mtoto anayevaa viatu vya mtu mzima. Akaniambia mtu akishaamshwa halazwi tena kwenye shimo lile lile, shimo lilishamkataa. Lazima apelekwe kwingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Kumwonyesha babu kulikuwa ndiko kumwondoa, na boma bila babu lilikuwa boma tupu. Alijua hayo alipokuwa bado anatoa vidole vyangu kwenye nguo yake.

Asubuhi vijana wa Ajia walichimba polepole, bila kuimba. Walipofika kiunoni mmoja akainua mkono. Walitoa kipande cha blanketi lenye mistari myekundu, halafu chuma cha mshipi, halafu yeye mwenyewe. Mpima ardhi alivua kofia. Mkubwa wa chuo akaandika kwamba kaburi la mtoto halitaguswa, akatia sahihi, mwenyekiti naye akatia. Kisha mpima ardhi akamwendea Nyanya, akasema tumeamini, Mama, mrudisheni sasa apumzike, boma ni lako.

Nyanya akasema, "Wewe mutoto ya watu, asante. Lakini huyu anatoka."

Hakuelewa. Alimtazama mwenyekiti, naye mwenyekiti akageuza uso. Vijana walimfunga babu kwa kitambaa kipya cheupe, wakamweka juu ya baiskeli, mmoja akishika usukani, mwingine akishikilia nyuma. Walipopita, Mama Koboko alikuwa amekaa chini karibu na mawe yake madogo, na alimsindikiza Nyanya kwa macho mpaka barabarani. Nilipogeuka mara ya mwisho, mpima ardhi alikuwa bado anashikilia kofia yake.

Tulikaa Ajia tangu siku hiyo, mpaka mimi nilipokuja Koboko kushona. Nyanya amelala huko sasa, kando ya mumewe. Wengine wa mtaa waliondoka mmoja mmoja, na yule mzee alienda Aroi kwa kaka yake, ambaye, nasikia, hakumsamehe haraka. Mama Koboko alibaki peke yake miaka miwili mitatu katikati ya matofali na mchanga, halafu watoto wa ndugu zake wakamleta huku. Huja kwenye mashine yangu kila siku ya soko, namshonea pindo, tunazungumzia bei ya mbegu za simsim. Kuhusu kamba ya kupimia sijamwambia kitu. Labda anajua. Siku nyingine huniletea chapati yenye sukari, na mimi hushindwa kumtazama.

Mara moja kwa mwaka yeye huenda Arua kupalilia kaburi la mtoto wake. Mlinzi humruhusu. Anasema wanafunzi wamelizungushia matofali yaliyopakwa chokaa, na wanapita pale wakipunguza sauti, kwa sababu wameambiana kwamba ni kaburi la mtu mkubwa aliyeanzisha chuo. Aliponisimulia alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Na mutoto yangu hata meno hakukuwa nayo," akasema.

Harufu ya muhogo haipo tena pale, wala vijia vyetu, wala karanga, wala mtu wa kujua nani alikaa wapi. Katika mtaa wote ule, wakubwa kwa wadogo, amebaki yeye tu wa siku arobaini, na hajui kama sisi wengine tumehama.