Kompyuta Iliyomsubiri Asiyekuja

Juzi asubuhi nilikuwa katika duka la steshenari huko Kibirizi, karibu na mahali zinapopakia boti za kwenda kijiji cha Kagunga. Mama mmoja alikuja kuchapa kadi za harusi ya mwanawe, zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya duka, na boti yake ilikuwa imeshaanza kupakia abiria. Kompyuta hiyo, inayotumia mfumo wa Linux, ilikuwa ikichelewa mno kuwaka tangu iliposasishwa.

"Zima, uwashe tena," akashauri mteja mmoja nyuma yangu.

"Nikizima nitajua tu kwamba inachelewa," akajibu dada mwenye duka bila kugeuka. "Mimi nataka kujua inachelewa wapi."

Ilipowaka hatimaye, akaandika amri fupi, na skrini ikaonyesha kila hatua ya uwashaji na muda wake. Dada akaweka ukucha juu ya mstari uliozidi yote kwa muda: mashine ilikuwa ikiisubiri diski ya akiba aliyoing'oa mwenyewe siku ileile ya sasisho. Akaiondoa katika mpangilio wa uwashaji, akawasha upya, na kompyuta ikafunguka kabla mama hajamaliza kulalamika.

Sote tulikuwa tumelilaumu sasisho. Ndivyo tufanyavyo hata maofisini: lawama humwangukia aliyeingia mwisho, wala hatuulizi ni nani aliyeondoka.

Kadi zilipokwisha kuchapwa, mama akazikumbatia, akamchomolea dada moja.

"Na wewe uje mapema, mwanangu. Sisi Kagunga hatusubiri watu kama inavyosubiri hiyo mashine yako."